Kichwa cha Mama Berihu

Mjini Korem, ukitaka kujua nani kagombana na mumewe na nani ana mimba changa, huna haja ya kwenda sokoni. Unakwenda kwa Aregash msusi, unakaa chini kwenye ngozi ya kondoo, unaweka kichwa katikati ya magoti yake, na kabla hajafika utosini umeshazijua habari za mji mzima. Hivyo ndivyo ilivyokuwa miaka nenda miaka rudi, mpaka siku zilipoanza kumwendea mrama.

Mkono wake ulikuwa wa kukaza. Kwa watu wale msuko uliolegea ni aibu ya msusi, na mwanamke akitoka kwa Aregash nyusi zimepanda na macho yamevutika, watu humsifu aliyemsuka. Ikikaribia Ashenda, sikukuu ya wasichana, foleni ilifika mpaka mlangoni kwa jirani yake Letay. Wakishasukwa walipakwa siagi kichwani, wakaenda zao wakinukia maziwa na furaha. Matokeo ya kukaza huko Aregash aliyaona kwa macho yake: nusu ya wanawake wa mtaa walikuwa na panja, paji la uso limepanda juu kama la mzee wa kanisa.

"Mama Berihu, legeza kidogo huku mbele, nywele zinaniisha."

"Zinaisha kwa sababu ya nani?"

"Kwa sababu yako wewe, mchawi mkubwa!"

"Haya, nitalegeza. Halafu kesho mseme Aregash kazeeka, mikono inatetemeka."

"Aa, kaza tu mama. Afadhali kipara kuliko msuko wa ovyo."

Basi alikaza. Vichwa alivijua, na magonjwa yake aliyajua kwa mazoea. Mtoto mwenye mapunye alimrudisha mlangoni, maana kitana kimoja kingeweza kuwaambukiza watoto wa kanisa zima. Mtu aliyetoka kuugua homa kali nywele zikampukutika, alimwambia ale vizuri na asubiri. Binti yake Tirhas alipojifungua na nywele kuanza kutoka kwa mafungu, akaja analia na mtoto mgongoni, Aregash alimcheka. "Mimi nilipomzaa kaka yako nilibaki kama kuku aliyenyonyolewa, na zikarudi zote. Acha kulia, utakausha maziwa." Na kweli zilirudi. Wanaume wenye vipara hakuwahesabu. Hao, alisema, wanarithi kwa baba zao pamoja na ubishi.

Kisha Berihu, mwanawe wa kwanza na wa kiume pekee, akaondoka.

Hakuaga. Vijana wa Korem hawaagi. Wakiaga mama zao watawashika miguu. Waliondoka pamoja, yeye na Kahsu mtoto wa Letay, wakashuka nyanda za Afar, wakatembea mpaka pwani ya Obok, huko ambako mtu hungoja boti ya kuvuka kwenda Yemeni ili afike Saudia akachunge mbuzi wa watu. Kutoka Obok Berihu alipiga simu. "Mama, usiniogopee. Tunavuka hivi karibuni. Nikifika nitakupigia." Aregash alitaka kumtukana, akashindwa, akamwambia ajifunike kifua kwa upepo wa bahari. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yao ya mwisho.

Simu haikuja. Letay naye, kila akiulizwa, alisema Kahsu wake hajapiga.

"Labda Saudia wamewanyang'anya simu," Letay alisema, akiangalia kikombe chake cha kahawa.

"Labda," Aregash akajibu.

Sasa lazima nieleze jambo moja, maana hapo ndipo kisa kilipo. Kwa watu wale habari ya kifo cha mbali haitupwi ovyo ovyo kwa mwenye msiba. Hujulikana kwanza kwa wengine wote, ikafichwa, mpaka mkubwa wa ukoo apatikane na ndugu wakusanyike. Hapo huja alfajiri, kundi zima, wakagonga mlango, wakamwambia huku wamemshika mikono asije akajipigiza chini. Ndipo mama hunyoa nywele zake. Kichwa kilichonyolewa cha mama ndiyo hati ya kifo cha mtoto. Ukikiona barabarani huulizi, unatoa pole.

Kwa hiyo Aregash alikuwa anaamka kabla ya jogoo na kukaa kitandani akisikiliza. Mbwa akibweka, moyo unampasuka. Akisikia nyayo, anaziba mdomo kwa shuka. Jua likishatoka na hakuna aliyegonga, anashusha pumzi, anawasha moto na kuanza kumimina mikate ya injera, mwepesi kama mtu aliyesamehewa kosa. Leo hawajaja. Basi leo mtoto yu hai. Mwaka ukasogea hivyo, alfajiri baada ya alfajiri.

Baka la kwanza aliliona Tirhas, siku alipokuwa anamfumua mama yake ili amsuke upya.

"Mama, hapa kisogoni kuna nini?"

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Yaani, hakuna nywele. Pana mviringo, pananing'aria."

Aregash alipapasa. Palikuwa laini kama shavu la mtoto mchanga. Hapaumi, hapawashi, hapana magamba. Vichwa vyote alivyowahi kushika, hakukumbuka kingine cha namna hiyo, na jambo hilo lilimtisha kuliko baka lenyewe. Akapaka siagi. Akapaka utomvu wa mshubiri, akapaka kitunguu mpaka macho ya Tirhas yakachuruzika. Baka likapata mwenzake juu ya sikio, kisha jingine utosini, kisha yakaanza kuungana. Kila asubuhi mto ulikuwa na nywele nyingi kuliko kichwa.

Akafunga kitambaa, na watu, kama unavyowajua, hawakukosa la kusema. Mmoja alisema ni jicho la husuda. Wa pili alisema ni buibui amemkojolea usingizini. Wa tatu, mwanamke mmoja mnene wa karibu na kituo cha basi, alisema wazi mbele ya wenzake kwamba yeye hatapeleka tena wanawe wakasukwe na mtu mwenye ugonjwa wa kichwa.

"Na wewe ugonjwa wako wa mdomo unatibiwa wapi?" Letay alimkata kauli. "Kichwa changu hiki hapa, ananisuka kila mara. Nimenyonyoka?"

Letay alikuwa anakuja kweli, na siku hizo alikuja zaidi kuliko zamani. Alileta unga, alileta shayiri ya kukaanga, alileta maharage. Alikaa kwenye ile ngozi ya kondoo akasukwa hata kama msuko wa zamani haujaharibika. Wengine nao walifanya vivyo hivyo. Aregash aliona wema wao, akaona pia kwamba wamekuwa wazito wa maneno. Umbea umekatika. Na jina la Berihu halitajwi tena, ilhali zamani kila anayeingia alianza na "Mtoto kapiga?" Alidhani wamechoka kumhurumia, na hakuwalaumu, maana hata huruma humchosha anayeitoa.

Tirhas ndiye aliyelitamka neno la kunyoa.

"Mama, zimebaki vifungu vifungu tu. Tunyoe zote, ziote upya sawasawa. Ukifunga kitambaa nani atajua?"

Kofi lilimtoka Aregash kabla hajalifikiri, yeye ambaye hakuwahi kumpiga binti yake tangu aolewe.

"Ninyoe? Ninyoe nani kafa?"

"Mama, sijasema mtu kafa."

"Mama Berihu akinyoa, Berihu kafa. Mbele ya watu na mbele ya Mungu. Mimi nikimnyolea mtoto aliye hai nitakuwa nimemwua kwa mkono wangu. Usilirudie neno hilo nyumbani kwangu. Umesikia?"

"Nimesikia."

Tirhas alishika shavu akatoka nje, akalia kwa muda mrefu kuliko kofi lile lilivyostahili. Aregash alimsikia, akaona haya, asimfuate. Tangu hapo kila unywele uliobaki aliutunza kama yai. Aliacha kuchana. Aliacha kufunga kitambaa kwa kukaza. Kilichokuwa kinamuuma si uzuri. Uzuri alishaufanyia hesabu zamani. Aliogopa tu siku kichwa kitakapobaki kitupu chenyewe, bila wembe, kikamtangazia msiba ambao hakuna aliyekuja kumwambia.

Mwishowe akakubali Tirhas ampeleke kituo cha afya. Muuguzi, Sister Fireweyni, alikuwa mmoja wa wasichana aliowasuka utotoni, na panja zake zilikuwa ushahidi. Alimgeuza kichwa huku na huku karibu na dirisha.

"Haya si mapunye, Mama Berihu. Ya mapunye yana magamba, na nywele hukatikia juu ya ngozi. Wala si ya misuko. Ya misuko huanzia huku mbele, kama haya uliyonipa mimi."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimeshakusamehe, nilipendeza," Sister alicheka. Halafu akaacha kucheka. "Na ya homa au ya uzazi, nywele hupunguka kichwa kizima kidogo kidogo, na hurudi. Haya yako ni mwili wenyewe umegeuka. Mwili unazipiga vita nywele zako kana kwamba ni adui kaingia. Kwa nini, hakuna ajuaye vizuri. Wengine wana asili nayo kwenye ukoo. Wengine hupata mshtuko, ikaanzia hapo."

"Zitarudi?"

"Zinaweza kurudi zenyewe. Zinaweza zisirudi. Sitakudanganya. Kuna dawa hospitali kubwa, Mekele, wakikuona mapema." Akamtazama. "Ulipata mshtuko gani? Habari yoyote mbaya?"

"Sijapata habari yoyote, binti yangu. Nzuri wala mbaya. Mwaka sasa nasubiri habari."

Sister alimwangalia Tirhas, na Tirhas akaangalia sakafu. Walipotoka, Sister alimvuta Tirhas pembeni wakanong'ona, na Aregash aliyesimama uani akishikilia kitambaa chake kwa upepo alidhani wanazungumzia safari ya Mekele. Alisikia maneno machache tu, "asishtuliwe", na "kwanza apate nafuu". Akafurahi kwamba ana binti anayemjali.

Mekele hawakwenda. Kila walipopanga ilitokea sababu, na Aregash hakushikilia, maana kwenda mbali kulimtia hofu: na kama Berihu atapiga simu siku hiyo, au atokee mlangoni akute kufuli? Nywele zikaendelea kuondoka bila kumwuliza. Nyusi nazo zikapungua. Ikafika siku akabaki na vishungi vichache nyuma ya shingo, vile vya kusema tu kwamba vipo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, mchana, jua limetoka baada ya ukungu wa asubuhi. Tirhas alikuwa amekwenda kusagisha. Aregash alitoa beseni uani, akafungua kitambaa aoshe kichwa, na kwa kuwa alikuwa peke yake hakufunga lango. Aliinama. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, akasahau kidogo mambo yake. Alikuwa hajainuka bado aliposikia kitu kinaanguka.

Letay alikuwa amesimama langoni. Ungo aliokuja kuurudisha ulikuwa chini. Alikuwa anakitazama kile kichwa kitupu kinachometa maji juani, na uso wake ulikuwa umeharibika.

"Wamekuambia," Letay alisema.

Aregash alitafuta kitambaa, mkono haukukipata.

"Wamekuambia!" Letay alijitupa chini, akajipiga kifua kwa ngumi zote mbili. "Uuwi, dada yangu, wamekuambia bila mimi! Umenyoa peke yako, bila mtu wa kukushika! Si tulisema tumsubiri kaka yako, mkubwa wa ukoo, atoke Gondar? Si tulisema nywele zako zirudi kwanza? Nani hakungoja? Uuwi Berihu! Uuwi mtoto wetu, uliyelala bila kaburi, bahari imekula ujana wako!"

Maji yalikuwa yanamtiririka Aregash usoni, akayaacha. Alimwona Letay mdomo unafunguka na kufungika, na kwa kitambo hakusikia sauti yoyote. Kisha akasikia mambo yote kwa pamoja: kuku, kinu cha jirani, na jina la mwanawe linaliliwa kwa namna ambayo watu hulilia marehemu tu.

"Letay," alisema. "Mimi sijanyoa."

Letay alinyamaza mkono ukiwa bado hewani.

"Zimenyonyoka. Ni ule ugonjwa. Hakuna aliyeniambia kitu."

Hapo Letay aliona alichokifanya. Alitambaa kwa magoti kuja kuishika miguu ya mwenzake, akaziba mdomo kwa mikono yote, kana kwamba maneno bado yanaweza kurudishwa. Hayakurudishika.

"Mmejua lini?"

"Mama Berihu..."

"Nimekuuliza lini."

"Mwaka jana. Wiki ile ile waliyovuka. Boti ilizama karibu na ng'ambo." Letay alikuwa anaongea na vidole vya miguu ya Aregash. "Tulitaka kukuambia baada ya mavuno. Kaka yako akaugua. Akapona kaka yako, ukaanza wewe. Tirhas akalia, akasema mama atakufa, tungoje apone. Sister naye akasema usishtuliwe. Tukangoja."

Mwaka mzima. Aregash alivikumbuka vile vichwa vyote vilivyowekwa mapajani pake, akivisuka, akiwapaka siagi, akiwauliza habari za watoto wao. Kila kimoja kilikuwa kinajua. Alfajiri zote alizoshusha pumzi, wao walikuwa wamelala wanajua. Na nywele zimetoka kwa kusubiri, na wao wakaendelea kumsubirisha kwa kuwa nywele zimetoka. Hasira ilimpanda. Kisha swali jingine likaja, dogo, akaliuliza kwa upole.

"Na Kahsu?"

Letay alizidi kuinamisha kichwa.

"Letay. Kahsu wako yuko wapi?"

"Yuko Jizan, huko Saudia," Letay alisema, kwa sauti ambayo haikusikika vizuri. "Alishika dumu la mafuta, akaelea nalo. Yeye ndiye aliyepiga simu."

"Anakula?"

"Anakula."

Aregash alitikisa kichwa. Ndipo kilio alichokizuia mwaka mzima kikatoka, kikavuka ukuta wa mawe, kikafika barabarani. Hakikuhitaji kutangazwa. Wanawake walianza kuingia wakiwa wamegeuza shuka zao, pindo la rangi likiwa juu shingoni, kama zinavyogeuzwa kwa msiba. Wanaume wa chama cha mazishi walileta mabenchi na turubai. Tirhas alirudi kutoka mashineni unga begani, akaona watu langoni, akaudondosha unga. Alitaka kumkimbilia mama yake, akasimama katikati ya ua, akiogopa.

"Njoo," Aregash alimwambia. "Njoo, sitakupiga."

Alasiri waliketi naye ndani wale wakubwa wa umri, na bibi mmoja wa ukoo wa mumewe akafungua kitambaa kutoa wembe mpya. Ni yeye aliyewanyoa wajane na mama wote wa mtaa ule, na mkono wake ulikuwa unajua kazi. Tirhas akamletea maji kwenye bakuli. Aregash aliinamisha kichwa. Bibi alikishika, akakigeuza, akakilowesha, akakigeuza tena. Vile vishungi vya nyuma ya shingo vilikuwa vimetoka na maji ya beseni mchana ule. Wembe ulibaki hewani.

"Nyoa, bibi," Aregash alisema.

"Mwanangu, hapana kitu cha kunyoa."

Mama wengine wote waliolia katika chumba kama kile waliwapa watoto wao kitu. Nywele ziliangukia mapajani, zikakusanywa, zikafukiwa uani kwa kuwa hapana mwili wa kufukia. Aregash alijipapasa utosini, kisogoni, nyuma ya masikio, akitafuta. Alitafuta kwa muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono.

"Nilizitunza ili asife," alisema. "Na sasa hata za kumlilia sina."

Letay, aliyekaa karibu na mlango kwa kuwa aliona haya kusogea, alianza kuufumua msuko wa kwanza wa kichwa chake mwenyewe, ule uliosukwa na Aregash wiki hiyo hiyo. Aregash alimwona.

"Acha," alisema. "Wako anakula. Usimnyolee." Akaugeukia wembe, akainamisha kichwa tena. "Nyoa hivyo hivyo, bibi."

Bibi akaupitisha wembe juu ya ngozi tupu, kuanzia mbele kwenda nyuma, taratibu, na Tirhas akawa anamimina maji.